Disketi iliyotoka kwa ruhusa ya kompyuta

KAMPUNI ya Apple ilipozindua kompyuta yake ya Macintosh mnamo Januari 24, 1984, watu waliozoea mashine za aina nyingine walikitafuta kitufe cha kutolea disketi wakakikosa. Mbele ya mashine palikuwa na mwanya mwembamba tu. Disketi iliposukumwa humo, mtambo uliidaka na kuimeza, na tangu hapo hapakuwa na pa kushika wala pa kubonyeza. Aliyeitaka disketi yake alilazimika kuiomba kompyuta. Kompyuta nayo ilimaliza kwanza shughuli zake, kisha mota ndogo ikavuma na disketi ikatemwa nje.

Wengi walishangaa na baadhi yao wakaudhika. Mtu amelipa dola 2,495, disketi ni mali yake na kazi iliyomo ni jasho lake, kisha anaambiwa asubiri ruhusa ya kuichukua. Hata hivyo, uamuzi huo haukuwa wa ubabe, wala haukufanywa kwa ajili ya urembo peke yake. Ulikuwa jibu kwa swali lililowasumbua watengenezaji wa kompyuta kwa miaka mingi: mtu anapotaka kuondoa disketi, programu inayoiandika itajuaje mapema?

Kwa wasiowahi kuitumia, disketi ilikuwa duara jembamba la plastiki lililopakwa chembechembe za sumaku na kufungiwa ndani ya ganda. IBM ilitoa ya kwanza mwaka wa 1971, upana wake inchi 8. Mwaka wa 1976 kampuni ya Shugart ikaleta ya inchi 5.25, na mapema katika miaka ya 1980 Sony ikaleta ile ya inchi 3.5 yenye ganda gumu na kifuniko cha chuma, ambayo ndiyo inayokumbukwa na wengi hadi leo. Disketi ilitumbukizwa katika kiendeshi, yaani mtambo wenye mwanya ambao uliizungusha mamia ya mara kwa dakika huku kichwa kidogo cha sumaku kikigusa uso wake ili kusoma au kuandika.

Katika viendeshi vingi vya mwanzo palikuwa na kikomeo kidogo cha kuzungusha kwa vidole. Kikifungwa, kichwa kiliikalia disketi. Kikifunguliwa, kichwa kiliinuka na disketi ikawa huru. Hakuna kilichomzuia mtu kukifungua wakati wowote, hata katikati ya sentensi iliyokuwa ikiandikwa. Onyo lake lilikuwa taa ndogo iliyowaka wakati mtambo ukifanya kazi. Mtumiaji alifundishwa kwamba taa ikiwa inawaka, asiguse.

Lakini taa ilieleza nusu tu ya habari. Ili kuelewa nusu ya pili, mtu amfikirie karani wa duka mwenye daftari kubwa la hesabu. Karani akifungua daftari na kulifunga kwa kila sukari inayouzwa, foleni itafika barabarani. Kwa hivyo huandika mauzo katika kijikaratasi, na kila baada ya muda huyahamishia daftarini. Mwenye duka akilichukua daftari ghafla kabla karani hajahamisha hesabu, atakuwa na daftari lisilosema kweli, na hatajua hivyo mpaka siku ya kujumlisha.

Kompyuta ilifanya vivyo hivyo. Kila disketi ilikuwa na daftari lake: orodha ya faili zilizomo, na ramani ya kuonyesha ni sehemu zipi zimejaa na zipi ni tupu. Kwa kuwa disketi ilikuwa nzito sana wa mwendo ikilinganishwa na kumbukumbu ya ndani, kompyuta ilinakili daftari hilo katika kumbukumbu na kulitumia huko. Mabadiliko yalirudishwa kwenye disketi baadaye. Taa ingeweza kuwa imezimika kabisa, disketi imetulia, ilhali sehemu ya ukweli wake ingali ndani ya mashine.

Hatari ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni disketi kuondoka kabla ya hesabu kuhamishwa, ikabaki na faili zisizo na mwisho. Ya pili ni mbaya zaidi: mtu anatoa disketi moja na kutia nyingine, na kompyuta isiyojua lolote inaandika daftari la disketi ya kwanza juu ya ile ya pili. Kwa tendo hilo moja disketi ya pili inapotezwa, na huenda ndiyo iliyokuwa na barua za mwaka mzima au sura ya mwisho ya tasnifu.

Mifumo ya mwanzo ilijilinda kila mmoja kwa njia yake. CP/M, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Gary Kildall mwaka wa 1974, ulimtaka mtumiaji abonyeze vitufe viwili maalumu kila mara alipobadilisha disketi, ili kompyuta isome daftari upya. Akisahau, mfumo uligundua kwamba orodha ya faili hailingani na ile iliyo kwenye kumbukumbu, ukaifanya disketi hiyo kuwa ya kusomwa tu, na kukataa kuiandika. Disketi ilisalimika. Lakini mara nyingi programu iliyokuwa ikitumika ilikatizwa hapo hapo, na kurasa ambazo hazikuwa zimehifadhiwa zikatoweka. Mfumo uliilinda disketi kwa kumtoa kafara mwandishi.

Njia ya Microsoft ilikuwa ya kuchekesha kidogo, ingawa ilifanya kazi. Viendeshi vya kompyuta ya kwanza ya IBM PC havikuwa na njia yoyote ya kuiarifu kompyuta kwamba kikomeo kimefunguliwa. Kusoma daftari upya kwa kila tendo kungeifanya mashine itambae kama konokono. Wakati wa kuunda toleo la 2.0 la MS-DOS, lililotolewa mwaka wa 1983, kiongozi wa kazi hiyo, Mark Zbikowski, alishika saa huku wenzake wawili wakishindana kutoa disketi moja na kutia nyingine kwa kasi yote waliyokuwa nayo. Hakuna aliyeweza kufanya hivyo chini ya sekunde mbili. Basi sheria ikawa hiyo: ikiwa sekunde mbili hazijapita tangu disketi iguswe, mfumo uliamini kwamba ni ile ile. Zikipita, ulikagua upya. Kwa hiyo usalama wa faili za mamilioni ya watu ulitegemea wepesi wa vidole vya wahandisi wawili.

Mwaka wa 1984 IBM ilitoa kompyuta ya PC/AT ambayo kiendeshi chake kilikuwa na waya wa kutoa taarifa. Mtu alipofungua kikomeo, ishara ilitumwa. Huo ulikuwa msaada mkubwa, kwani kompyuta sasa ilijua kwamba disketi imebadilishwa. Walakini ilijua baada ya tukio, kama mlinzi anayepiga kengele mwizi akiwa amekwisha kuvuka ua. Kilichokuwa bado kwenye kijikaratasi cha karani hakikuwa tena na daftari la kuhamishiwa.

Kompyuta ya Amiga, iliyotoka mwaka wa 1985, nayo ilijua disketi inapotolewa, na mtumiaji aliyeiondoa wakati mbaya alifokewa kwenye kiwambo kwa herufi kubwa kwamba ni LAZIMA airudishe, tena kwa alama tatu za mshangao. Aliyetii haraka aliweza kuokoa mengi. Aliyekuwa amekwisha kumpa rafiki disketi hiyo aende nayo nyumbani alibaki akiutazama ujumbe huo.

Apple ilichagua njia tofauti kabisa na hizo. Badala ya kuuliza namna ya kutambua kwamba disketi imeondoka, wahandisi wake waliamua kwamba isiondoke kabla ya kompyuta kuwa tayari. Jaribio la kwanza lilikuwa katika kompyuta ya Lisa, iliyotoka Januari 1983 kwa bei ya dola 9,995. Lisa ilikuwa na viendeshi viwili ambavyo Apple yenyewe ilivibuni, vikiitwa Twiggy, vya disketi za inchi 5.25 zenye nafasi ya takriban kilobaiti 870. Kitufe kilikuwepo, lakini hakikuunganishwa na mtambo wa kutolea disketi. Kilikuwa kama kengele ya mlangoni. Mtumiaji alipokibonyeza, programu ilisikia, ikafunga hati zilizokuwa wazi, ikaandika yaliyosalia, kisha ikaitoa disketi.

Wazo lilikuwa zuri, lakini viendeshi vya Twiggy vilikuwa na hitilafu nyingi mno. Wahandisi wa Macintosh, waliokuwa wamepanga kuvitumia, walikata tamaa katika mwaka huo huo wa 1983. Kiendeshi cha Sony cha inchi 3.5 ndicho kilichowavutia, ila mkuu wao, Steve Jobs, alitaka kazi hiyo ipewe kampuni nyingine ya Kijapani, Alps, itengeneze kiendeshi cha aina hiyo kwa gharama nafuu. Bob Belleville, aliyesimamia wahandisi, alihofu kwamba muda hautatosha, akaendelea kushirikiana na Sony kisirisiri. Mmoja wa wahandisi wa Macintosh, Andy Hertzfeld, amesimulia jinsi Jobs alivyoingia ofisini ghafla siku moja, na mhandisi wa Sony akaombwa ajifiche upesi katika chumba kidogo cha kuwekea mafagio. Alitii bila kujua sababu. Baadaye ilipodhihirika kwamba Alps ingehitaji mwaka mmoja na nusu zaidi, Jobs aliukubali ule mpango uliofichwa, na Macintosh ikatoka kwa wakati.

Kiendeshi hicho cha Sony kiliongezewa mota ya kutolea disketi kwa ajili ya Apple, na safari hii hata kile kitufe cha kengele kiliondolewa. Ombi lilitolewa kwenye kiwambo, kwa kipanya au kwa kubonyeza vitufe viwili vya kibodi. Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, na disketi yake ilibeba kilobaiti 400. Haikuwa na diski nyingine ya ndani. Mfumo wa uendeshaji, programu ya kuandikia na barua za mwenyewe vyote viliishi kwenye disketi, na aliyekuwa na kiendeshi kimoja alilazimika kuzipokezanisha.

Hapa ndipo ubunifu wa Apple ulipoonyesha faida yake. Disketi ilipotolewa kwa amri ya kawaida, kompyuta haikuisahau. Picha yake ndogo ilibaki kwenye kiwambo, ila imefifia kama kivuli. Mtumiaji aliweza kuendelea kuona majina ya faili zilizomo, na hata kuamuru faili inakiliwe kutoka disketi iliyo nje kwenda iliyo ndani. Kompyuta ilipohitaji ile ya nje, ilitema iliyokuwemo na kuitaja kwa jina ile iliyoitaka. Jambo hilo lisingewezekana kwa usalama kama mkono wa mtu ungekuwa na uwezo wa kuvuta disketi yoyote wakati wowote. Ni kweli pia kwamba liligeuka kuwa adha: aliyenakili disketi nzima kwa kiendeshi kimoja aliketi akitia na kupokea, akitia na kupokea, mpaka akachoka. Kosa hapo halikuwa la mota. Ufinyu wa kumbukumbu ndio uliomchosha.

Kivuli hicho ndicho kilichozaa desturi iliyobishaniwa kuliko zote katika historia ya Macintosh. Mtumiaji aliyemaliza na disketi alihitaji njia ya kuiambia kompyuta mambo mawili kwa pamoja: itoe, kisha isahau kabisa. Njia iliyowekwa ilikuwa kuiburuta picha ya disketi hadi kwenye pipa la taka. Pipa hilo hilo ndilo lililotumiwa kufuta faili. Wageni wa mashine hiyo walishikwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Mtu aliyefundishwa asubuhi kwamba kinachotupwa pipani kinafutwa, jioni anaambiwa atupe humo disketi yenye kazi yake yote, na kwamba haitadhurika. Kwa mantiki ya programu, lililotupwa lilikuwa kumbukumbu ya kompyuta kuhusu disketi, si disketi yenyewe. Lakini hakuna mtumiaji wa kawaida anayepaswa kujua mantiki ya programu ndipo aweze kuchukua mali yake. Apple yenyewe ilikuja kukiri kwa vitendo: katika mfumo wa Mac OS X, pipa hugeuka na kuwa alama ya kutolea mara tu diski inapoanza kuburutwa.

Lipo pia suala la kompyuta iliyozirai. Programu ikikwama, nani atasikiliza ombi? Mashine yenye kikomeo ingeweza kufa kabisa na bado mtu akachomoa disketi yake akaenda. Kwenye Macintosh disketi ilikuwa mfungwa. Dawa ya kwanza ilikuwa kuiwasha upya huku kitufe cha kipanya kimebonyezwa, na disketi ikatemwa kabla ya mfumo kuanza. Hiyo isipofaa, au umeme ukiwa umekatika, palikuwa na tundu dogo kando ya mwanya. Mtu alinyoosha kibanio cha karatasi, akakisukuma tunduni, na chuma cha ndani kikaiachilia disketi bila kuhitaji umeme. Pengine hapajawahi kuwa na mashine nyingine ya bei ghali ambayo ufunguo wake wa dharura ulipatikana bure katika kila droo ya ofisi.

Udhibiti huo ulikuwa na tokeo jingine ambalo halizungumziwi sana. Macintosh ilipozimwa kwa utaratibu, ilitema disketi zote zilizokuwemo. IBM PC haikuweza kufanya hivyo, kwa hivyo disketi ilisahauliwa ndani mara kwa mara, na asubuhi kompyuta ilipowashwa ilijaribu kuanzia kwenye disketi hiyo. Virusi vya Brain, vilivyotokea mjini Lahore, Pakistan, mwaka wa 1986, na vingine vingi vilivyovifuata, vilienea kwa njia hiyo hasa. Lakini Macintosh haikuwa na kinga kamili. Kwa kuwa ilisoma daftari la kila disketi mara ilipoingizwa, virusi vya WDEF, vilivyogunduliwa mwaka wa 1989, vilijificha katika faili iliyosomwa wakati huo, na kuambukiza mashine kwa kule kutia disketi tu.

Apple haikuwa peke yake katika njia hii. Kompyuta ya Sharp X68000, iliyouzwa Japani kuanzia mwaka wa 1987, ilikuwa na viendeshi vya inchi 5.25 vilivyotoa disketi kwa mota, na programu iliweza kukifanya kitufe kisisikie. Mashine za SPARCstation za kampuni ya Sun zilikuwa na kiendeshi kisicho na kitufe, na mtumiaji aliandika amri ya kutolea disketi kwenye kibodi. Kwa Sun hilo lilikuwa jambo la lazima zaidi, kwa sababu mifumo ya jamii ya Unix hukaa na maandishi kwenye kumbukumbu kwa muda mrefu kabla ya kuyahamisha, na disketi ikichomolewa tu hasara huwa kubwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya dunia ilibaki na kitufe cha kusukuma kwa kidole. Sababu kuu ilikuwa pesa. Mota, gia na saketi zake ziliongeza bei ya kila kiendeshi, na watengenezaji wa kompyuta za aina ya IBM PC walishindania kila dola. Waliona afadhali mfumo uandike upesi kwenye disketi bila kuchelewesha, hata kama ungekwenda polepole, kuliko kulipia mota. Apple nayo ilianza kubana matumizi: katika miaka ya 1990 viendeshi vyake viliacha kuivuta disketi ndani vyenyewe, mtu akalazimika kuisukuma hadi mwisho, ingawa mota ya kuitoa ilibaki. Mwaka wa 1998 kampuni hiyo ikatoa kompyuta ya iMac isiyo na kiendeshi cha disketi kabisa.

Wazo lenyewe halikufa pamoja na disketi. Viendeshi vya Zip vya kampuni ya Iomega, vilivyoanza kuuzwa mwaka wa 1995, vilikuwa na kitufe cha kutoa ombi kama kile cha Lisa. Viendeshi vya CD katika kompyuta navyo viliweza kufungwa na programu ili trei isifunguke, na katika vingi vyao tundu la kibanio cha karatasi liliendelea kuwepo.

Kisha ikaja flash disk, na mjadala ukaanza upya. Kifaa hicho hakina mota wala kikomeo, na hakuna programu inayoweza kukishikilia mtu akiamua kukichomoa. Kwa miaka mingi watumiaji wa Windows waliambiwa wabonyeze kwanza alama ya kuondoa kifaa kwa usalama, na wengi wao hawakubonyeza. Mwaka wa 2018, katika toleo la 1809 la Windows 10, Microsoft ilibadilisha mpangilio wa kawaida ili kompyuta isicheleweshe maandishi kwenye vifaa vya aina hiyo, na mtu aweze kukichomoa kifaa wakati wowote ambapo hakiandikwi. Yaani ilirudi kwenye sheria ya taa. Kompyuta za Mac bado zinataka ziombwe, na anayechomoa kifaa bila kuomba huletewa ujumbe kwamba diski haikutolewa ipasavyo, ingawa wakati huo kifaa chenyewe huwa tayari kimetiwa mfukoni.